Waya Shingoni, Utepe Mguuni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Benedicta Celestini amepiga magoti nyuma ya nyumba yake, kichwa cha mbwa kimelala juu ya paja lake. Pembeni kuna bakuli la maji ya chumvi yaliyochemshwa jana na kuachwa yapoe. Anachovya kitambaa, anakikamua, anakipitisha taratibu kwenye shingo ya mbwa. Mbwa anatetemeka lakini hajitoi.

Kitambaa ni kipande cha shuka kuukuu la gesti. Kwenye pindo lake bado unasomeka muhuri wa wino: CHUMBA NA. 7.

"Tulia, Watasema. Tumebakiza upande mmoja," anamwambia.

Watasema ndilo jina la mbwa, na kidonda chake kinaizunguka shingo nzima kwa upana wa kidole gumba. Alifungwa waya akiwa na miezi mitatu. Mbwa akakua, waya haukukua, na nyama ya shingo ikaumeza.

Leo ni Jumamosi, na leo mgambo wa kijiji wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na ndoo ya nyama yenye sumu. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji linasema mbwa yeyote asiye na utepe wa chanjo shingoni auawe. Watasema amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ana kadi, na utepe wake wa bluu anao. Ila utepe huo umefungwa mguu wa nyuma, kwa sababu shingo yake haigusiki.

Wiki mbili zilizopita mwenzake, naye akiwa na utepe mguuni, aliuawa hatua thelathini kutoka hapa. Ndiyo maana leo Benedicta hakwenda kazini.

Kwa kweli kazi ndiyo iliyomfuata. Mwanamke huyu wa miaka 47, Mhangaza wa Mbuba wilayani Ngara, ni mfua mashuka wa gesti moja ya Nyakanazi, ile njia panda ambako malori ya Rusumo, Kobero na Kahama hulala. Kwa siku hufua mashuka ishirini hadi arobaini, na kwa mwezi hupokea shilingi 120,000. Jana jioni alimwomba mwenye gesti mashuka ya leo afulie nyumbani. Mabunda mawili yakaja kwa bodaboda, na sasa yamelowekwa kwenye mabeseni chini ya kamba ya kuanikia.

Nyumba yake iko kwenye kijiji kisicho mbali na Nyakanazi, ambacho gazeti hili halitakitaja. Majirani wanamwita Mama Tecla, kwa jina la binti yake. Wasiompenda humwita Mama Mbwa, na humwita hivyo kwa sauti ya kusikika.

"Mwanzoni nililia," anasema. "Siku hizi naitika. Mtu akiniita Mama Mbwa naitika abee, kisha namuuliza yeye ni mama wa nini."

Habari ya Benedicta na mbwa ilianzia Lukole, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wilayani Ngara. Alikuwa akiuza ndizi kambini kwa wakimbizi, na alikuwepo siku za mwisho kambi ilipokuwa inafungwa. Anakumbuka watu wakipandishwa kwenye malori, magodoro na masufuria yao yakipandishwa, hata kuku. Mbwa hawakupandishwa. Nyumba zikabomolewa, na mbwa mmoja wa kike akabaki amelala mahali palipokuwa na mlango.

"Nilipita siku ya kwanza, yupo. Siku ya tano, yupo. Analinda nyumba ambayo haipo. Siku ya kumi na moja nikamwekea ugali kwenye jani la mgomba, nikamwambia twende. Akaja."

Tangu siku hiyo amelea mbwa arobaini na mmoja. Kwake hawaji wazima. Huja vilema, vipofu, wenye funza, waliopigwa mpaka wanajikojolea wakiona fimbo. Anawauguza, kisha anawatafutia makazi. Hauzi. Anayetaka mbwa sharti aje mara tatu, siku tatu tofauti, na kila mara amlishe mbwa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya Benedicta. Mbwa akikataa kula mkononi mwa mtu huyo mara ya tatu, mtu anarudi mikono mitupu, hata awe nani. Diwani mstaafu mmoja aliwahi kurudishwa.

Jambo jingine ambalo halifanyi ni kubadilisha majina. Huku mbwa hupewa jina ambalo mwenye nyumba anataka jirani alisikie, hivyo uani kwake husikika majina ya ugomvi ambao hata haumhusu. Kazi Bure ni jike aliyetemewa mate na swila, haoni macho yote mawili, na anatembea uani akihesabu hatua kwa pua. Tutaonana ana miguu mitatu. Aligongwa karibu na kituo cha mafuta, akabebwa na dereva wa lori wa Kirundi aitwaye Ndikumana, ambaye alimfunga kwenye koti lake na kuuliza kila kibanda cha chakula mpaka akaelekezwa kwa mwanamke anayefua mashuka.

"Mbwa ameshapoteza nyumba," anasema Benedicta. "Nimpotezee na jina?"

Kuna mambo ambayo ukiyasikia mara moja unadhani umesikia vibaya, na hili la kijiji cha Benedicta ni mojawapo.

Mwezi Machi ofisi ya kijiji ilitoa tangazo kwamba mbwa wote wafungwe, usiku na mchana, na atakayekaidi atatozwa faini. Tangazo halikusema wafungwe kwa kitu gani. Minyororo haiuzwi kijijini. Kamba ya katani mbwa anaitafuna kwa usiku mmoja. Lakini kando ya barabara kuu kuna tairi za malori zilizochomwa, na tairi likiungua huacha nyaya nyembamba ngumu ambazo watu hufungia mageti, mabanda na mizigo ya kuni. Nyaya hizo ni za bure, na mbwa hawezi kuzitafuna. Kijiji kizima kikafunga mbwa kwa waya wa tairi.

Kufikia Julai, watoto wa mbwa wa Machi walikuwa wameshakua.

"Wa kwanza aliletwa na mtu aliyesema mbwa wake ananuka," anasimulia Benedicta. "Nikatafuta kidonda, sioni. Nikapitisha kidole kwenye manyoya, kidole kikazama. Waya uko ndani."

Alikwenda kuazima plaizi kwa fundi umeme wa gesti. Hajairudisha hadi leo, na fundi hajaidai. Kwa miezi michache ameondoa nyaya tisa kwenye shingo tisa. Baada ya kuondoa huosha kwa maji ya chumvi, hupuliza dawa ya zambarau ambayo wafugaji huwapulizia ng'ombe, kisha hukaa na mbwa akiwafukuza nzi kwa mkono. Mbwa wawili walikufa mikononi mwake. Watano walipona wakaondoka. Wakabaki wawili wenye vidonda virefu zaidi, Watasema na dume mweusi aliyeitwa Nimekoma.

Mwisho wa Julai ikaja chanjo. Afisa mifugo, William, aliwachanja mbwa wote wa Benedicta, akawaandikia kadi, kisha akatoa tepe za bluu za kuvalishwa shingoni. Alipofika kwa hao wawili akasita, akasema tepe zao zifungwe mguu wa nyuma mpaka shingo zipone. Kwenye kadi akaandika hivyo hivyo na kutia saini.

"Utepe wa nailoni ukisugua kidonda kama kile unakifungua upya, na nzi watataga humo," William aliliambia gazeti hili. "Chanjo iko mwilini mwa mbwa. Haiko kwenye utepe."

Mwezi Agosti, Happyness, msichana wa miaka minane, aling'atwa na mbwa asiyejulikana akitoka kisimani. Benedicta halifichi hilo wala halipunguzi. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha jeraha la mtoto kwa sabuni na maji mengi, akasisitiza apelekwe hospitali siku ile ile. Happyness alipata sindano zake zote na yuko shuleni.

"Kichaa cha mbwa kinaua, sibishani na mtu," anasema. "Wangekuja kuniambia Mama Tecla, mbwa wako hajachanjwa, ningenyamaza."

Lakini ofisi haikumtafuta mbwa aliyemng'ata Happyness. Ikaandika tangazo la pili, lile la utepe shingoni, na mgambo wakatumwa. Benedicta alikuwa kazini. Nimekoma alikuwa amelala nyuma ya ua wa minyaa, akaona nyama, akala. Benedicta aliporudi jioni alikuta bakuli lake halijaguswa, akafuata alama za kuburuzwa hadi kwenye shimo la taka nyuma ya uwanja wa mpira. Mbwa watano walikuwa humo. Mguu wa nyuma wa Nimekoma ulikuwa umebaki juu, na utepe wa bluu umefungwa pale pale alipoufunga William.

Benedicta aliingia shimoni akaufungua. Kesho yake aliupeleka ofisini pamoja na kadi.

"Waliniambia kadi haivaliwi na mbwa. Nikasema utepe ameuvaa. Wakasema ameuvaa pasipostahili." Anakikamua kitambaa mpaka maji yanaisha. "Wao ndio waliosema mbwa wafungwe. Kufungwa ndiko kulikomchana shingo. Shingo ndiyo iliyomnyima utepe. Utepe ndio uliomuua. Sasa niambie hapo mbwa alikosa nini."

Jumatano wiki hii kulikuwa na mkutano wa kijiji. Benedicta alikwenda na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ilipofika zamu ya mengineyo alisimama, akatembea hadi mbele, akamimina nyaya tisa juu ya meza ya viongozi, zingine bado zina manyoya. Juu yake akaweka utepe wa Nimekoma.

"Naomba kuuliza," alisema. "Ni nani hapa aliandika mbwa wafungwe?"

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma alibweka, wakacheka zaidi. Mwenyekiti akasema ajenda ya mifugo imeshapita.

Ndipo akasimama mzee Mashimba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia hapa kutoka Shinyanga miaka ishirini iliyopita, na babu yake Happyness. Kicheko kikakatika chenyewe.

"Huo wenye mafundo mawili ni wa kwangu," alisema akinyoosha fimbo kuelekea mezani. "Watasema nilimfunga mimi. Tangazo lilisema funga, nikafunga. Niliona anavimba nikadhani ananenepa. Mimi nimekosa na nimemwomba Mama Tecla radhi. Ninyi je? Mjukuu wangu aliumwa. Huyo mbwa aliyemuuma mmempata? Hamjampata. Mmeua aliyechanjwa, mkaandika kazi imefanyika."

Afisa mtendaji wa kijiji alijibu kwamba hoja imepokelewa na wataifanyia kazi. Kila Mtanzania anajua jambo likishafika hapo limelazwa wapi. Hakuna neno lililobadilishwa kwenye tangazo. Alipopigiwa simu na gazeti hili Ijumaa, mtendaji huyo alisema utaratibu ni utaratibu. "Mgambo hawezi kuanza kukagua mbwa miguu," alisema, kisha akakata simu.

Saa tano na nusu mgambo wanafika.

Ni wawili. Anayeongoza ni Kazimili, kijana wa miaka thelathini na moja, shati la sare limepigwa pasi vizuri. Mwenzake amebeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Benedicta anafuta mikono, anakwenda kukaa kwenye kigoda mlangoni na kumwita Watasema miguuni pake. Mbwa wengine wanne wamefungiwa ndani, shingo zao zina tepe.

"Shikamoo, Mama Tecla."

"Marahaba, Kazimili. Sema shida yako."

"Shida unaijua. Huyo hana utepe shingoni."

"Utepe huu hapa mguuni. Kadi hii hapa. Soma alichoandika bwana mifugo."

Kazimili anaichukua kadi, anaisoma mpaka mwisho, anairudisha. "Tangazo linasema shingoni," anasema. "Mimi sikuliandika."

"Hakuna aliyeliandika. Nimeuliza Jumatano kijiji kizima, halina mwenyewe."

Mwenzake anaanza kufungua mfuniko wa ndoo. Benedicta anaweka mguu wake mbele ya pua ya Watasema na kusema bila kupandisha sauti kwamba nyama ikidondoka kwenye uwanja wake ataiokota kwa mkono na kuipeleka polisi Biharamulo pamoja na kadi, na aliyeidondosha ataeleza huko. Mfuniko unarudi mahali pake. 

"Nitarudi saa kumi," anasema Kazimili. "Nikirudi awe ameuvaa shingoni. Vinginevyo nitakuja na mtendaji, na, mama yangu, usinilaumu."

Wakishaondoka, Benedicta anafanya jambo ambalo baadaye anaona aibu kulisema. Anaufungua utepe mguuni na kuujaribu shingoni, umelegezwa kabisa. Watasema anasimama hivyo hivyo, hatikisiki, ila anaanza kutoa sauti nyembamba puani. Utepe umegusa kidonda mahali pawili. Nzi wawili wametua tayari. Anauondoa na kuurudisha mguuni, na safari hii anakaza fundo.

Jirani mmoja anamshauri kutoka ng'ambo ya ua amfiche mbwa kwenye mihogo mpaka jioni.

"Nimfiche kwa kosa gani?" anajibu Benedicta, na hapo ndipo sauti yake inapopanda kwa mara ya kwanza. "Amechanjwa. Ana kadi. Ana utepe. Wenye kujificha wawe wale wa ofisini."

Anarudi kwenye mabeseni. Anafua shuka baada ya shuka, anasuuza, anaanika, na kila akiinama kwenye beseni anageuka kuangalia kama Watasema bado yuko kivulini. Saa saba Mashimba anapita na samaki wakavu kwenye mfuko. Anataka kumrudisha mbwa wake, na hii ni mara yake ya pili kuja kumlisha. Mara ya kwanza Watasema alinusa mkono wake akajikojolea. Leo anakaribia, anarudi nyuma, anakaribia tena, anachukua samaki mmoja kwenye vidole vya mzee na kwenda kumlia mbali.

"Bado moja," Benedicta anamwambia.

"Akiifikia kesho akiwa hai," anajibu Mashimba.

Saa kumi kasoro dakika chache, geti la miti linasukumwa. Ni Kazimili. Hana ndoo. Mwenzake hayupo, na mtendaji hayupo. Mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna jike wa rangi ya majivu anayetembea kichwa chini. Kamba imefungwa kiunoni mwake, si shingoni. Harufu inawatangulia.

"Shikamoo, mama."

Benedicta anaendelea kuanika shuka. Anabana kibanio cha kwanza, anabana cha pili, analinyoosha.

"Marahaba. Anaitwa nani?"

"Sina Neno."

"Ulimfunga lini?"

"Mwezi wa tatu. Tangazo lilisema..."

"Najua lilisema nini. Na chanjo?"

"Sikumpeleka. Siku ile ilikuwa haiwezekani kumgusa shingo, analia."

"Kwa hiyo hana utepe wala kadi. Leo umepita kila nyumba na ndoo, Kazimili. Kwako ulipita?"

Kazimili anatazama mashuka. "Kila nyumba nimepita," anasema. "Kwangu sikupita."

Benedicta anamwangalia. Baadaye anakiri kwamba moyoni alitaka kumfukuza, na kwamba neno la kumfukuzia alikuwa nalo mdomoni. Nimekoma naye alikuwa na harufu hiyo hiyo siku aliyoletwa. Lakini Sina Neno ameshalala chini, kidevu kwenye udongo, na nzi wanamtembelea. Benedicta anaingia ndani. Anatoka na plaizi, bakuli la maji ya chumvi na kipande kipya cha shuka.

"Piga magoti. Kamata kichwa, hapa na hapa. Mimi nakata, wewe unatazama. Ukigeuza uso naacha."

Inachukua karibu nusu saa. Waya umezunguka mara mbili na mzunguko wa ndani hauonekani mpaka usafishwe. Mara mbili Kazimili anafumba macho, na mara mbili Benedicta anasimamisha plaizi na kungoja ayafumbue. Waya unapotoka, mbwa anashusha pumzi ndefu na kulaza kichwa chote kwenye mikono ya kijana. Machozi yanamtoka Kazimili, na hayafuti kwa sababu mikono yake haina nafasi.

Sina Neno atabaki hapa mpaka apone, kisha William amchanje. Kazimili atakuja na chakula mara tatu kama watu wengine. Benedicta anamweleza pia mpango wake: mashuka yaliyochakaa ya gesti anayasuka mikanda ya shingo, mipana kama viganja, yenye nafasi ya vidole vitatu. Ameshasuka thelathini na minane. Kijiji kina mbwa zaidi ya mia mbili, naye anataka kila mmoja awe na wake kabla ya mvua. Lakini mikanda haitoshi. Anataka tangazo liandikwe upya, liseme mbwa afungwe kwa kitu gani, na liseme kadi inatosha.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini," anamwambia. "Tisa nilizipeleka mimi, wakabweka. Huu wa kumi utaupeleka wewe, na sare hiyo hiyo."

Kazimili anainama. Anauokota waya, anauosha kwenye bakuli, anaukunja mara mbili na kuutia mfukoni mwa shati lake la mgambo. Kisha anafunga kifungo.